Kikao cha Jumamosi: rekodi za Jason Isbell
Ndugu wanakikundi,

Jumamosi tutasikiliza rekodi za Jason Isbell, mwanamuziki mzaliwa wa Alabama, Marekani. Ninawaomba muanze na albamu ya Decoration Day ya mwaka 2003, alipokuwa mpiga gitaa kijana katika bendi ya Drive-By Truckers, kisha mhamie Southeastern ya 2013, aliyoitoa kwa jina lake baada ya kuacha pombe. Albamu alizorekodi na bendi yake, The 400 Unit, tutazipitia kwa haraka. Muda mrefu nimeutengea Foxes in the Snow ya 2025, ambamo yumo peke yake na gitaa la kampuni ya Martin lililotengenezwa mwaka 1940, bila ngoma wala besi. Tafadhali isikilizeni kwa hedifoni, kwani hata vidole vinavyogusa nyuzi vinasikika, nami naipenda mno.