Barua ya wazi kwa mafundi wa kucha wachanga wa Lubumbashi

Wadogo zangu na binti zangu mnaoketi kwenye meza za kucha katika mitaa yetu ya Kenya, Katuba, Kamalondo na kule mjini,

Nawasalimu nyote. Nimeamua kuandika kwa sababu wanne kati yenu wamenijia, kila mmoja kwa siku yake, na swali lile lile: mama, nifanyeje ili mkono wangu uwe mwepesi? Mmoja alikuwa karibu kulia, kwa kuwa seti moja ya jeli ilikuwa ikimchukua zaidi ya saa tatu na mteja wake wa mwisho aliondoka amenuna. Nilimjibu kwamba mkono wake hauna kosa, ila muda wake unapotea mahali ambapo hajawahi kupatazama.

Tulichukua simu tukapima kila hatua peke yake: kutoa rangi ya zamani, kusukuma ngozi, kubandika kapsuli (zile kucha za plastiki za kurefushia), kujenga kwa jeli, kupiga tupa, kupaka rangi. Kujenga kucha kumi kulimchukua dakika 40, jambo ambalo kwa mwanafunzi si baya hata kidogo, lakini kupiga tupa kulimla saa nzima na zaidi, maana alikuwa akirundika jeli nyingi kisha akihangaika kuiondoa. Jeli ikikaa vizuri tangu mwanzo, nyembamba karibu na ngozi na kwenye ncha, nene kidogo pale ukucha unapobeba uzito, tupa hubaki na kazi ndogo sana. Kwa hiyo, kabla mkono haujaingia kwenye taa ya kukaushia jeli, geuzeni kidole mkitazame kwa ubavu. Kosa ambalo brashi ingelifuta mara moja, likishakauka, litawagharimu dakika tano za vumbi. Tena jeli nene hutoa joto kali inapokauka. Mteja anayechomoa mkono kwenye taa huku akipiga kelele hajidekezi.

Akriliki, ile ya unga unaochanganywa na maji yake maalumu, ina tabia yake, na hapa kwetu tabia hiyo hufuata majira. Tone zuri hung'aa, husimama kidogo kama kilima, kisha hujilaza polepole. Likikimbilia kwenye ngozi, maji yamezidi, na likibaki limekauka lenye chembechembe, unga umezidi. Asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, baridi yetu inapouma, akriliki huchelewa kushika na mara nyingine hutoa michirizi kama ya barafu. Mimi humpa mteja kikombe cha chai ya moto akishike kwa mikono miwili kabla sijaanza. Mwezi wa 10 mambo hugeuka: joto huikausha kabla hamjamaliza kuitandaza, basi chukueni matone madogo zaidi. Na jihadharini na yale maji ya bei ya chini yenye harufu ya kuchoma pua, ambayo mara nyingi ni kemikali iitwayo methili methakrilate. Hayayeyuki vizuri kwa asetoni, na pesa mlizodhani mmeziokoa sokoni mtazilipia kwa muda siku ya kuzitoa kucha hizo, pengine pamoja na tabaka la ukucha wa mteja.

Hatua moja msithubutu kuiharakisha, nayo ni maandalizi. Miaka mingi iliyopita nilipokea bibi arusi na wasimamizi wake asubuhi ya Jumamosi, nikaona saa inanikimbiza, nikapita juu juu kwenye kusafisha ngozi iliyoshikamana na ukucha na kukausha mafuta. Kabla keki haijakatwa, kucha tatu za bibi arusi zilikuwa ndani ya pochi ya dada yake. Familia ile haikurudi kwangu tena, na sikuwalaumu.

Jeli mbichi nayo isiguse ngozi, ya mteja wala yenu. Ngozi inayoguswa nayo kila siku inaweza kuanza kuikataa kwa muwasho na malengelenge, na mzio huo ukishaingia hautoki. Nimeona fundi hodari akiacha kazi kwa sababu hiyo. Ikivuja, ifuteni kabla ya taa.

Wengi wenu mnafanya kazi mlangoni ili kupata mwanga. Mnafanya vyema, lakini jua hukausha jeli kama taa inavyofanya. Fungeni kikopo, geuzeni brashi upande wa kivuli, la sivyo mtakuwa mnalalamikia jeli mbovu kumbe mmeipika wenyewe. Kuhusu umeme sina la kuwafundisha, kila mtu anajua unavyokatika. Taa ndogo ya betri iliyochajiwa usiku inatosha kumalizia mkono.

Sasa kuhusu kujiamini. Nawasikia mkisema “samahani, bado najifunza” kila mnapogusa kidole. Mteja aliyekuja ametulia huanza kukagua kila ukucha, mkono wenu huanza kutetemeka, na kazi inazidi kuchelewa. Mwambieni mapema, kabla hajaketi, kwamba kazi yake itachukua saa mbili na nusu. Akikubali, hamna deni la kuomba radhi. Kwa mwezi mzima shikeni umbo moja tu, kwa mfano la lozi, na kila jioni mjenge kapsuli kumi zilizobandikwa kwenye vijiti, bila mteja na bila picha za mtandaoni za kuwatia hofu. Mkifika kapsuli ya sita, mtashangaa kuona brashi inakwenda yenyewe.

Jumatatu huwa nina wateja wachache. Anayetaka tumpime aje asubuhi na brashi yake na rafiki wa kumfanyia kazi, na simu yake itakaa kwangu ikihesabu dakika.

Mama yenu wa kazi,
Katuba, Lubumbashi