Ile penalti yako ya Jumapili

Kamalondo, Lubumbashi

Jambo sana ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili bukari ikipoa mezani. Eti tangu ukose ile penalti hutaki hata kupita njia ya kiwanjani. Miguu ilikuwa mizito, unasema, ukapiga upesi "ili yaishe".

Hapo ndipo penalti ilipopotea. Waliochunguza penalti za mashindano makubwa wameona jambo hilohilo: anayeukimbilia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi, na anayempa kipa mgongo asimwone naye vilevile. Mtu anatafuta kuondoka pale. Kufunga amekwisha kusahau.

Unakumbuka fainali ya Kombe la Afrika ya 2012, kule Libreville, Zambia na Ivory Coast? Mtaa wetu mzima ulikuwa upande wa Zambia. Ujirani ulikuwepo, lakini hasa ni kwa sababu Sunzu na Kalaba walikuwa wa Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, watoto wa nyumbani. Drogba wa Ivory Coast alipaisha penalti kipindi cha pili, 0-0 mpaka mwisho, zikaja penalti. Kolo Touré wao akakosa, tukaruka. Kalaba naye akapaisha! Baba mdogo akatoka nje, akasimama ukutani kama mtoto aliyechapwa. Wazambia wenyewe pale kiwanjani walikuwa wakiimba. Gervinho wao naye akakosa, na Sunzu akatembea kwenda kwenye mpira akiimba. Nilimwona mdomo ukicheza. Akafunga, 8-7.

Nimeuwaza sana ule mdomo. Anayeimba hawezi kubana pumzi. Wewe Jumapili, naapa, hukuvuta pumzi tangu ulipoushika mpira.

Ila kuna hofu isiyoimbiwa. Mwepu Ilunga, naye wa Mazembe, dunia inamcheka tangu Kombe la Dunia la 1974, alipoichezea Zaire yetu: Brazil wanapewa frikiki, yeye anatoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali kabla hawajapiga. Wazungu wakasema Mwafrika hajui sheria. Mtu bingwa wa Afrika, asijue sheria! Yeye mwenyewe alieleza baadaye: fedha zao walikuwa hawajalipwa, na baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, walinzi wa rais Mobutu walifika hotelini wakawaambia wakifungwa manne na Brazil hakuna atakayerudi kwao. Mechi ikaisha 3-0. Kila ninapoiona ile picha sicheki tena. Namwona mtu anayehesabu mabao.

Sasa nikuulize: wewe ulikuwa ukimwogopa nani? Kipa wa watu ni kijana wa sekondari, unamjua. Umeandika mwenyewe kwamba wajomba zako walikaa nyuma ya goli, na mmoja alikuwa ameweka dau la kreti la bia ya Simba juu yako. Basi ulikuwa unampigia mjomba. Mpira ukaenda alipo mjomba, juu ya mwamba. (Kreti lake alipe mwenyewe.)

Jumamosi napanda gari kuja Likasi. Nitakaa golini, nawe utapiga ishirini, taratibu, kila moja ukitaja kona kabla ya kupiga. Na utaimba, hata kama sauti yako ni ile ya kanisani iliyomfukuza mwalimu wa kwaya. Tafuta mpira wenye upepo. Ule wenu wa mwisho ulikuwa umebonyea kama andazi la jana.

Msalimie mama. Mwambie nakuja na njaa.

Ndugu yako