Kidole si ridhaa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie programu za simu za kurekodi ridhaa ya wapenzi kabla ya kukutana kimwili. Wanaozisifia wanasema zitamaliza ubishi wa "alikubali", "hakukubali". Mimi ni fundi simu, mwaka wa 11 sasa, na ubishi huo hautaishia kwenye kioo cha simu.

Dada mmoja alinijia asubuhi akitaka nimfutie alama ya kidole kwenye simu yake, abaki na namba ya siri tu. Nilishangaa, maana sehemu ya kusoma kidole ilikuwa nzima. Akakifumbata kidole gumba chake ndani ya ngumi, akasema kwa sauti ya chini: "Fundi, mwenzangu ananishika hiki nikiwa nimelala, anafungua simu, anasoma kila kitu." Niliifuta, sikuchukua hela.

Mtu wa namna hiyo atashindwaje kubofya "nakubali" kwa kidole kile kile? Halafu dada akienda polisi, anatolewa rekodi yenye tarehe, saa na alama ya vema. Aliyedhulumiwa ndiye ataonekana mwongo.

Programu hizi zimeshajaribiwa. Mwaka 2014 ilitoka Good2Go huko Marekani, na Apple wakaiondoa kwenye duka lao mwaka huo huo. Denmark nayo, sheria mpya ya ridhaa ilipoanza Januari 2021, ikaja iConsent, ambayo ridhaa yake ilidumu saa 24. Saa 24! Mtu anaweza kukubali saa mbili usiku, saa nne akaghairi kwa sababu anaumia, ameogopa, au hataki tu. Naambiwa unaweza kubatilisha humo humo kwenye simu. Aliyekandamizwa kitandani ataifikiaje simu iliyo mezani?

Mahakama ya Juu ya Kanada ilishaamua mwaka 2011 kwamba ridhaa lazima iwepo muda wote wa tendo, na aliyepoteza fahamu hawezi kuhesabiwa kuwa aliitoa mapema. Simu haijui kama mwenye kidole yuko macho.

Juzi kijana kaniletea simu nimwekee programu ya aina hii. Nikakataa. "Sasa nitajilindaje?" akauliza. Nikamwambia amuulize mwenzake, tena amuulize wakiwa katikati, na akiona amenyamaza aache. Alichukua simu yake akaondoka bila kuaga.

Fundi simu
(Jina limehifadhiwa)