Mwanangu, Kwanza Shingo

Mama,

Video ya mieleka yako uliyomtumia ndugu yako nimeiona. Simu yake nilikaa nayo jioni nzima, akabaki ananung'unika. Unanyanyuliwa, unatupwa chali, unainuka ukicheka, wenzako wanakupigia makofi. Hayo yote sawa. Lakini ulipoinuka, mkono wa kushoto ulikwenda nyuma ya shingo ukakaa hapo. Basi nijibu hili kabla hujanijibu lingine lolote: shingo inauma au haiumi? Na vidole je, vina ganzi?

Mama yako anasema nikuache, kwamba mtu aliye karibu kusafiri hatishwi. Sikutishi. Kazi yangu ya wodi unaijua. Nimewageuza kitandani vijana wa boda boda waliokuja wakizungumza vizuri kabisa, wakiuliza pikipiki yao iko wapi, na miguu haisikii hata ukiichoma sindano. Wengine hawakumalizwa na gari. Walimalizwa na watu wema waliowanyakua juujuu kuwatoa barabarani. Kwa hiyo siku yoyote ukianguka vibaya, huku au huko Toronto unakokwenda kusoma, na ukahisi ganzi au moto unaoshuka mkononi, usiinuke ili watu wafurahi. Lala hapo hapo. Waambie wasikuguse mpaka aje anayejua kazi hiyo. Ile siku ulipoteguka kidole nikakwambia umalize mchezo, kilikuwa kidole. Usichukue maneno yale ukayapeleka kwenye shingo.

Wiki hii yote nimekuwa nikimfikiria Edge wako, yule mwanamieleka wa Kanada. Picha yake bado iko ukutani chumbani kwako. Tulipopaka rangi mama yako alikataa isitolewe, fundi akapaka akiizunguka. Wewe unamjua kuliko mimi, mikanda yake yote 11 ya ubingwa wa dunia unaitaja bila kukosea. Lakini nadhani umemjua kwa upande wa mikanda. Mimi nimemfuatilia kwa upande wa shingo.

Anza na mechi yake ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni, Juni 1998. Aliruka kutoka ulingoni akamwangukia mpinzani wake nje, na yule mpinzani akaumia shingo kweli, mechi ikaishia hapo. Kijana alikuwa amengojea siku hiyo tangu utotoni, na siku yenyewe ikafika hivyo. Hapo nakusihi jambo ambalo sijakusikia ukilitaja hata mara moja: mchezo huu una shingo mbili. Yule binti uliyemnyanyua dakika ya pili ya video, ulimshusha ukiwa unaangalia kamera. Mwangalie yeye. Ana baba pia.

Halafu zikaja zile mechi za ngazi, mikanda inatundikwa juu na mtu hupanda ngazi kuichukua. Najua unazipenda, tena ile ya Houston ya Aprili 2001, mpinzani wake Jeff Hardy akining'inia kwenye mikanda na Edge akichupa kutoka juu ya ngazi akamkumba hewani wakaanguka pamoja. Watu bado wanaionyesha mpaka leo. Miaka miwili baadaye, 2003, yuko mezani kwa madaktari, pingili za shingo zinaunganishwa, na akakaa nje zaidi ya mwaka mzima. Sisemi ni kuruka kule peke yake kulikomfikisha pale. Nasema mwili huweka hesabu hata ukiwa unashangiliwa.

Na sasa sikiliza kitu ambacho kilinishangaza nilipokaa nikahesabu. Mikanda yote ile 11 aliitwaa baada ya operesheni. Wa kwanza ni Januari 2006, kwa bingwa John Cena, ambaye alikuwa hoi kwa mechi aliyotoka kuimaliza. Edge alimvizia pale pale na haki yake ya kudai pambano la ubingwa wakati wowote, akachukua ubingwa kwa dakika chache. Wakati huo hakuwa tena yule kijana wa kutokea katikati ya watazamaji asiyesema neno. Hakuwa wa lile kundi la Brood anayepanda jukwaani katikati ya moto, wala wa kuchekesha watu pamoja na mwenzake Christian. Alikuwa amejigeuza mtu wa kuchukiwa, na alijua kuzungumza mpaka ukumbi mzima ukataka apigwe. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Mwili ulipomnyima kitu kimoja alitafuta kingine. Ngazi hakuziacha kabisa, na hilo sikulipenda, lakini hazikuwa tena ndizo chakula chake.

Ndiyo maana nasema masomo ya utangazaji usiyaguse kwa nia ya kuyaacha. Yeye naye alisomea utangazaji wa redio pale chuo cha Humber, huko huko Toronto unakokwenda. Akiwa na miaka 17 alishinda shindano la insha, kueleza kwa nini anataka kuwa mwanamieleka, na zawadi ikawa kufundishwa bure na Ron Hutchison na Sweet Daddy Siki. Siki alikuwa mtu mweusi kutoka Texas aliyehamia Kanada akafanya maisha. Insha ndiyo iliyomwingiza, mama! Wewe ambaye insha zako zilisomwa mbele ya darasa zima, na ambaye hata mwalimu mkuu alikuja kuniuliza kama ni mimi ninayekuandikia. Niliona fahari siku ile nikashindwa hata kumjibu. Halafu unaniambia kwa simu kwamba utaona kwanza kama masomo na mazoezi vitaenda pamoja. Vitaenda. Na visipokwenda, kitakachosubiri si masomo. Edge alilelewa na mama peke yake, bili zikiwa juu yao, ikabidi ndoto ingoje kidogo huku akifanya kazi nyingine kumsaidia nyumbani. Haikumharibia.

Narudi kwenye shingo, usichoke.

Tarehe 3 Aprili 2011 Edge alitetea mkanda wake kwenye WrestleMania, lile onyesho kubwa la mieleka, Atlanta. Tarehe 11 akasimama ulingoni akawaambia watu basi. Alikuwa na miaka 37, na bado ni bingwa. Mikono ilikuwa inakufa ganzi na kutetemeka, akasema, akapimwa, wakakuta mfereji wa uti wa mgongo umebana shingoni. Wakamwambia pigo moja baya linaweza kumpooza au kumuua. Hakuomba mechi moja ya mwisho ya kuaga. Hakusema ngoja kwanza niupoteze mkanda. Hilo ndilo ninalolitaka kwako, na ukinipa hilo, mengine yote nitayameza: daktari akisema acha, uache siku hiyo hiyo.

Najua utanijibu kwamba alirudi. Najua hata sauti utakayoitumia. Ndiyo, alirudi, Januari 2020, miaka karibu 9 baadaye, na hata mimi nilisimama kwenye kiti pale sebuleni. Lakini alirudi baada ya madaktari kumpima na kumruhusu, si baada ya rafiki kumwambia anaonekana mzima. Na miaka ile ya katikati hakukaa akilia. Aliigiza kwenye televisheni, akaoa, akalea watoto. Mkewe Beth Phoenix ni bingwa kama yeye, unampenda pia, basi muulize mwenyewe moyoni kama angetaka kumsukuma mume kwenye kiti cha magurudumu. Edge aliporudi, mwaka huo huo msuli wa mkono ukachanika. Mei 2024, akiwa na miaka 50, aliruka kutoka juu ya uzio wa chuma Las Vegas akavunja mfupa wa mguu. Ninamheshimu mno mtu huyu, na kuruka kule naona hakukuwa na lazima. Mashabiki wangempenda tu.

Las Vegas. Kila nikiusikia mji huo namkumbuka bondia wetu Robert Wangila. Wewe hukuwa umezaliwa. Sisi tulilia kwa furaha 1988 alipoleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul, na 1994 tukalia tena. Refa alisimamisha pambano, Wangila akalalamika kwamba yuko sawa, akaondoka ulingoni kwa miguu yake, na baadaye ndipo alipopoteza fahamu asiamke tena. Kwa miguu yake, mama. Usiniambie uko sawa kwa sababu unatembea. Mji huu wetu wa Nakuru unajua ulingo. Hapa ndipo alipotoka bondia Philip Waruinge na medali zake za Olimpiki za 1968 na 1972, na wazee wa Bondeni wangali wanabishana juu ya makonde yake. Hakuna anayekudharau kwa kupenda ulingo. Na usinijibu kwamba ndondi ni ndondi na mieleka yenu mshindi hupangwa. Mshindi hupangwa, najua. Mbao na vyuma vilivyo chini ya lile turubai havijapangiwa kulainika.

Mengine ni mafupi. Mwalimu wa mieleka wa huko, muulize kabla ya kulipa senti: mtu akivunjika mazoezini nani analipa? Bima ya chuo isome yote, hata yale maandishi madogo, uone kama inamlipia aliyeumia kwenye mieleka ama inamwacha. Wanamieleka wengi, hata wakubwa, huandikwa kama watu wanaojitegemea, si waajiriwa, na hapo ndipo watu huachwa kwenye mataa. Jina la ulingoni ulilojibunia nalo usilitie sahihi kwa kampuni yoyote kabla hujanisomea mkataba kwa simu. Edge alipohamia kampuni nyingine Oktoba 2023 ilibidi ajiite Adam Copeland, jina alilopewa nyumbani, kwa kuwa lile jina lingine lilibaki kule alikotoka. Miaka 25 mtu amelijenga! Na miezi ya kwanza wakufundishe kuanguka tu. Kuanguka, kukunja kidevu kifuani, kupiga mikono chini. Mwalimu anayekupandisha kwenye kamba wiki ya kwanza, mkimbie.

Usilale vibaya kwenye ndege.

Mama yangu, ambaye jina lake ndilo ulilonalo, alibeba mitungi na kuni kichwani mpaka uzeeni, na shingo yake ilinyooka hadi siku tuliyomzika kule Kimilili. Nataka yako ifike huko.

Sasa ya nyumbani. Koti zito mama yako amelipata kwenye mitumba, la rangi ya damu ya mzee, zipu nzima, lina manyoya ndani. Anasema ni jepesi kwa Kanada lakini litakufikisha kwenye duka. Majani ya chai amefunga, unga amenuia kukufungia pia nimemkataza, mizigo ina kilo zake. Ndugu yako ametumwa nyumbani kwa salio la karo ya muhula. Nitalimaliza, usitoe kwenye pesa zako za safari hata akikupigia akilia, na atakupigia. Mbwa amezaa. Maji ya mfereji bado ni ya mara mbili kwa wiki na tangi limepasuka upande wa chini, tunakinga kwa mitungi. Pesa niliyokuwa nimeitenga kununua tangi nimekutumia leo asubuhi kwa simu. Usiulize kwa nini ni nyingi. Hiyo ni ya shingo. Usianze na eksrei mtaani kwa kijana asiyevaa hata kitambulisho. Nenda kwa daktari wa mifupa, mwambie ulivyoanguka, mwonyeshe video, naye aamue ni kipimo kipi. Akisema ni msuli tu, mwombe aandike hivyo.

Usiipeleke pesa hiyo kwenye viatu vya ulingoni. Nakujua.

Fanya hivyo kabla ya Ijumaa, ili Jumamosi ukija tukuage uwe na karatasi mkononi. Sitaki kusimuliwa kwa mdomo, nataka karatasi yenye muhuri nisome mwenyewe. Maneno yao mengi nayafahamu. Ikiwa ni njema utasafiri na baraka zangu zote, na nitawaambia watu wa Kaptembwa nzima kwamba binti yangu amekwenda kuwa bingwa, kwa maana ninaamini utakuwa. Ikiwa si njema tutazungumza mimi na wewe kabla mama yako hajajua, na chuo utaenda hata hivyo. Mieleka itangoja kama ya Edge ilivyongoja.

Matatu ya asubuhi ndiyo nzuri, ile ya mchana inakwama sana pale Gilgil. Kaa viti vya katikati, ufunge mkanda. Ukifika usibebe begi peke yako, nipigie nitakuja na jirani mwenye mkokoteni, na ukinikuta nimezima simu piga ya mama yako.

Baba.