Fedha za kujikimu zimfikie mwanafunzi siku anaposajiliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo nililolishuhudia kwa miaka 26 nikiwa mhadhiri katika chuo kikuu kimoja cha umma, na ambalo bado linanikosesha usingizi ingawa nimekwisha kustaafu. Kila mwaka, majira ya Oktoba na Novemba, magazeti huandika idadi ya wanafunzi waliopangiwa mikopo na mabilioni ya shilingi yaliyotengwa, na wabunge wakahoji kama kiasi hicho kinatosha. Ni haki wahoji. Lakini nikiwakumbuka vijana niliowaona wakiyumba katika muhula wa kwanza, na baadhi yao wakaondoka wasirudi tena, nakuta kwamba wengi wao walikuwa na mikopo, tena ya kiwango kizuri. Kilichowaponza ni tarehe ambayo fedha hizo ziliwafikia.

Kwa faida ya wazazi ambao hawajawahi kupeleka mtoto chuo kikuu, nieleze kwanza utaratibu wenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo inaoutoa una mafungu kadhaa: ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, na fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wenyewe hawaliiti kwa jina jingine ila bumu. Fungu hilo lilikaa miaka mingi kwenye shilingi 8,500 kwa siku, na sasa ni shilingi 10,000. Halitolewi kila siku wala kila mwezi, bali kwa mikupuo ya takriban siku 60, kwa hiyo anayelipata kamili hupokea shilingi 600,000 kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kulipwa ni lazima mwanafunzi athibitishe kuwa yupo chuoni, yaani asaini, na asiyesaini kwa wakati halipwi. Fedha hurudi zilikotoka.

Ukiutazama kwenye karatasi, utaratibu huo hauna kasoro kubwa. Kasoro huonekana pale kijana wa mwaka wa kwanza anaposhuka kwenye basi na begi lake, akitokea Kibondo, Namtumbo au Ukerewe, akiwa na nauli iliyobaki na fedha kidogo ambazo mzazi alizipata kwa kuuza gunia la mahindi au mbuzi. Hawezi kusaini bumu mpaka awe amesajiliwa. Hawezi kusajiliwa mpaka awe amelipa michango ya chuo, na, kama mkopo wake haukufunika ada yote, sehemu ya ada inayomhusu mwenyewe. Ada ya kozi nyingi katika vyuo vya umma ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, kwa hiyo aliyepangiwa asilimia 60 ya ada anabaki na deni la laki kadhaa ambalo nyumbani kwao halina pa kutoka. Huyo anazunguka ofisi moja hadi nyingine akiwa na karatasi za benki mkononi, wakati wenzake wameshaanza vipindi. Akishafanikiwa kusajiliwa, jina lake linatakiwa lipelekwe, lihakikiwe, lirudi, kisha asaini, kisha asubiri. Wiki tatu huwa zimepita, wakati mwingine sita.

Katika wiki hizo analala wapi? Hapa ndipo naomba wasomaji watulie nami kidogo, kwa sababu sijaona wapangaji wa mambo wakikaa na hesabu hii. Mabweni ya vyuo vyetu hayawatoshi wanafunzi wote, pamoja na juhudi zilizofanyika, kama yale mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya wanafunzi zaidi ya 3,800. Anayekosa nafasi anakwenda mitaani kutafuta chumba, au geto kama wanavyoita, na mwenye nyumba katika miji yetu anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Tuchukue chumba cha kawaida sana cha shilingi 50,000 kwa mwezi, chenye choo cha nje. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali aliyemwonyesha chumba anadai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, jumla 350,000. Mwanafunzi huyu hata angelipwa bumu lake siku ya kwanza, angebakiwa na shilingi 250,000 za kula, kunakili madesa, yaani vitini vya masomo, kupanda daladala na kununua sabuni kwa siku 60. Hiyo haifiki shilingi 4,200 kwa siku. Na kwa kuwa halipwi siku ya kwanza, chumba chenyewe anakipata kwa mkopo wa rafiki, au hakipati kabisa, akaishia kubebana na mwenzake bwenini, watu wawili katika kitanda cha futi mbili na nusu, wakijificha kila msimamizi anapopita.

Serikali inatoa kwa siku 60 na mwenye nyumba anapokea kwa siku 180. Mpaka leo sijasikia ofisi yoyote ikikiri kwamba vipimo hivi viwili haviendani, wala ikimweleza kijana wa miaka 19 aifidie vipi tofauti hiyo.

Anaifidia kwa tumbo lake. Wanafunzi wana msemo wao, kupiga pasi ndefu, maana yake ni kuacha kifungua kinywa na chakula cha mchana na kula mara moja saa kumi jioni ili mlo huo uvushe siku nzima. Nilipoanza kufundisha sikuujua msemo huo. Niliujua siku msichana mmoja alipoanguka katika maabara yangu saa tano asubuhi, nasi tukamkimbiza zahanati tukidhani ni malaria, na muuguzi akatuuliza, mbele yake, kama huyu mtoto amekula lini. Ilikuwa siku ya pili tangu alipokula. Wenzake walijua, nami nilikuwa nimemwona akisinzia kwa wiki mbili na nikamkemea mbele ya darasa kwa uvivu. Sijalisahau jambo hilo, na naliandika hapa kwa sababu naamini wapo wahadhiri ambao hata sasa wanakemea njaa wakidhani wanakemea uvivu.

Njaa hiyo inaingia kwenye matokeo kwa njia ambayo haionekani kwa anayesoma takwimu za kufaulu na kufeli. Muhula una wiki 15 hivi za masomo. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 zinatokana na majaribio, kazi za vikundi na maabara, yaani kosiweki, na 60 zinatokana na mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza mara nyingi huwa wiki ya nne au ya tano, wakati ambapo kijana wetu bado anahama kitanda hadi kitanda. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi kutoka mkoa wa magharibi, ambaye katika somo langu la fizikia aliuliza maswali ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miaka. Alikuwa akilala kwenye kibaraza cha nyumba ya ibada iliyo karibu na chuo. Bumu lake lilitoka wiki ya saba. Kufikia hapo alikuwa amekosa jaribio moja na maabara tatu, na ilipohesabiwa kosiweki yake alikuwa na alama 11, wakati kanuni za chuo chetu zilidai 16 ili mtu aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nilimwandikia barua ya kumtetea. Niliambiwa kanuni ni kanuni. Alikuja ofisini kuniaga, akanishukuru, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kama angenilaumu, na sikumwona tena. Katika kumbukumbu za chuo ameandikwa kuwa alishindwa masomo.

Mimi mwenyewe nilijiunga na chuo kikuu mwaka 1984, kabla ya sera ya kuchangia gharama. Nilisafiri kwa waranti ya treni iliyolipwa na Serikali, nikafika nikapewa ufunguo wa chumba, na jioni ile ile nikala bwalo la chuo. Sisemi turudi huko. Tulikuwa wachache mno, na nchi haiwezi kuwabeba kwa namna ile vijana wote wanaostahili kusoma leo. Nasema tu kwamba yule mtoto wa mkulima niliyekuwa mimi hakuwa na akili kuliko hawa. Nilikuwa na sahani ya ugali na mahali pa kuweka kichwa tangu usiku wa kwanza, na hilo ndilo lililoniwezesha kufungua daftari.

Haitakuwa haki kuwasema waliopo madarakani bila kutaja yaliyofanyika. Bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 654 mwaka uliofuata. Mwaka 2021 ilifutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha, na kwa wahitimu wengi huo ulikuwa mzigo mkubwa kushushwa mabegani. Kusaini nako kumerahisishwa kwa mfumo wa kielektroniki, hakuna tena ile misururu ya siku nzima juani. Nashukuru kwa yote hayo. Ndiyo maana naamini kilichobaki kinawezekana, kwa kuwa hakihitaji sana fedha mpya. Kinahitaji kupanga upya siku za kulipa fedha zilizokwisha kutengwa.

Kwanza, mwanafunzi aliyekwisha kupangiwa mkopo asizuiwe kusajiliwa kwa sababu ya deni la sehemu yake ya ada. Asajiliwe, deni liandikwe, alipe kwa awamu ndani ya mwaka. Najua zipo menejimenti za vyuo zitakazosema kuwa zikilegeza hapo wanafunzi hawatalipa kabisa, na kwamba chuo kinaendeshwa kwa ada hizo hizo. Hoja hiyo naiheshimu, nimeketi katika vikao ambavyo ilitolewa na watu waungwana. Hata hivyo, chuo kina njia nyingi za kudai fedha zake katika miaka mitatu au minne ambayo kijana yupo mikononi mwake, wakati wiki sita za mwanzo zikimpotea kijana hakuna njia ya kumrudishia.

Vilevile mkupuo wa kwanza wa mwaka wa kwanza uwe mkubwa kuliko mingine, kwa kutangulizia sehemu ya mkupuo wa mwisho, ili kodi ya chumba ilipwe bila kula fedha za chakula. Jumla ya mwaka itabaki ile ile. Wapo watakaohofia wanafunzi hewa, watu watakaochukua fedha na kutoweka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani za kusaini kwenye makaratasi. Leo mwanafunzi anathibitishwa kwa njia ya kielektroniki, na jina lake, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na akaunti yake ya benki viko katika mfumo tangu alipoomba mkopo. Kama taarifa hizo zinatosha kumpangia mkopo mwezi Oktoba, zitoshe pia kumlipa siku anaposajiliwa.

Liko kundi moja ambalo hata mpango huu hautalisaidia, nalo ni la wale wanaopangiwa mkopo katika awamu ya tatu au baada ya rufaa, masomo yakiwa yameanza. Wengi wao wamechelewa kwa sababu ya nyaraka. Yatima anatakiwa kuwasilisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, yaani wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka husika kule Zanzibar, na vijijini kwetu watu wengi wamezikwa bila kifo chao kuandikishwa popote. Kijana anaanza kufuatilia cheti cha marehemu baba yake akiwa na miaka 18, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka, katika miezi michache iliyobaki. Kazi hii ingefanywa mapema shuleni, tangu kidato cha tano, mwalimu wa malezi akishirikiana na mtendaji wa kata, yatima wangefika kwenye dirisha la maombi wakiwa na kila kitu. Walimu wenzangu wa sekondari, hili mnaweza kulianza bila kusubiri waraka.

Kuhusu kosiweki, neno langu ni kwa wahadhiri wenzangu na seneti za vyuo. Jaribio la kwanza la mwaka wa kwanza lisipangwe kabla fedha za kujikimu hazijatoka, na aliyekosa jaribio kwa sababu ya kuchelewa kusajiliwa apewe jingine kama anavyopewa aliyekuwa mgonjwa. Kanuni hizi tumezitunga sisi wenyewe, na tunaweza kuzibadili katika kikao kimoja.

Mhitimu anapoajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na sheria inaweka muda wa kuwasilisha makato hayo pamoja na adhabu kwa mwajiri anayechelewesha. Naomba wizara yenye dhamana ya elimu iweke tarehe ya namna hiyo kwa upande wa kutoa pia: siku maalumu, iandikwe katika barua ya mkopo, ambayo mzazi aliyeko Kibondo ataisoma na kujua mwanawe anahitaji chakula cha siku ngapi mfukoni kabla ya kupanda basi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhadhiri mstaafu,
Morogoro.