Korosho ikiondoka ghafi, kazi zinaondoka nayo

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema vijana wa Mtwara na Lindi hawana kazi kwa sababu hawapendi kazi. Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Masasi, na ninachosema nakijua kwa mikono yangu.

Korosho hupikwa kwa mvuke, ikaachwa ipoe, kisha unaikata moja moja. Maganda yana mafuta yanayounguza; usipojipaka majivu au mafuta ya nyonyo, vidole vinachubuka vyote. Kokwa inakaushwa, inamenywa ngozi, inachambuliwa: nzima huku, zilizovunjika kule. Kila hatua ina mtu wake, na wengi ni akina mama. Tukiipakia ghafi melini kwenda India na Vietnam, hatua zote hizo tumewapa wa huko.

Viwanda tulikuwa navyo, vilijengwa kwa mikopo miaka ya 1970. Lakini mavuno yalianguka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, bei ilikuwa mbaya, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nao ukaingia. Viwanda vikakosa cha kubangua. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 wanunuzi wa nje walileta bei, zao likainuka tena, ila vingi kati ya viwanda vile viliishia kuwa maghala.

Kwa hiyo sisemi wageni wafukuzwe mnadani. Mkulima anaitaka bei yao, na ana haki. Kinachotumaliza ni mtaji. Minada yetu huanza Oktoba na baada ya miezi michache imekwisha. Mwenye kiwanda hapa inambidi anunue korosho ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa mkopo wa riba kubwa. Mwenzake wa Vietnam akitoka kwetu anahamia Afrika Magharibi, ambako msimu huanza wetu ukiisha, na mashine zake hazilali. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kinaishiwa ghafi katikati ya mwaka, tunarudishwa nyumbani, hadi mwenyewe akafunga kabisa. Hakuna aliyekuwa mvivu pale.

Korosho ghafi inayouzwa nje inatozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Ushuru huu unatetewa kwa jina letu wabanguaji, lakini mnunuzi anaufidia kwa kushusha bei, na anayeumia ni mkulima. Basi ikiwa mkulima ameshaulipa, sehemu ya ushuru huo iwe dhamana benki, ili wabanguaji wa ndani wakope kwa riba nafuu kabla minada haijafunguliwa. Na vikundi vya akina mama wanaobangua gunia mbili tatu uani visisahauliwe. Navyo vinahitaji mkopo wa Oktoba, si semina ya Machi.

Mbanguaji,
Masasi, Mtwara