Tusiwapigie simu vijana wetu wakiwa barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo mimi, fundi pikipiki wa hapa Mikindani na mzazi, nakutana nalo mara kwa mara kazini, na ambalo nadhani wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi hatujalizungumza ipasavyo. Inapotokea ajali ya kijana aliyekuwa akiongea na simu huku anaendesha, tunamlaumu kijana mwenyewe, tunawalaumu marafiki zake, kisha tunawageukia askari wa usalama barabarani kwa kutomkamata mapema. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza nani alikuwa upande wa pili wa simu hiyo. Mara nyingi ni mteja. Lakini mara nyingi vilevile ni mtu wa nyumbani, mama, baba, shangazi au kaka mkubwa, aliyepiga kwa sababu ana wasiwasi na usalama wa kijana huyohuyo.

Wasomaji wa huku Kusini wanafahamu kwamba minada ya korosho ikishaanza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, pikipiki mpya huongezeka mjini na vijijini. Mzazi aliyeuza vizuri humnunulia mwanawe pikipiki ili apate shughuli, na mimi siwezi kulibeza hilo, kwa maana ajira ni chache na bodaboda inalisha nyumba nyingi kuanzia Tandahimba hadi Kilwa. Kinachonitia shaka ni kwamba kijana huyo pengine ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, au hata hajamaliza, amejifunza kuendesha jioni mbili tatu kwenye uwanja wa mpira kwa pikipiki ya rafiki yake, leseni hana, na umri wa miaka 18 hajaufikia. Siku chache baadaye hununuliwa na simu janja, kwa sababu bodaboda asiye na simu hapati wateja. Chombo cha moto na simu anavipata karibu kwa wakati mmoja, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kumweleza kwamba haviendi pamoja.

Niruhusu nieleze kifundi kidogo, kwa kuwa wazazi wengi, hasa kina mama, wamepanda pikipiki maisha yao yote bila kuwahi kuiendesha. Dereva wa gari anayeshika simu anatenda kosa, ila gari lake lina magurudumu manne na haliwezi kuanguka lenyewe. Kwenye pikipiki kila kiungo kina kazi yake. Mkono wa kulia unashika mafuta, na vidole vya mkono huohuo ndivyo vinavyobana breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kuisimamisha; mkono wa kushoto unashika klachi; mguu wa kulia una breki ya nyuma na wa kushoto una gia. Kwa kuwa mkono wa kulia ukiachia mafuta pikipiki inapoteza mwendo, vijana karibu wote hushika simu kwa mkono wa kushoto na kuendelea kukimbia kwa ule mmoja. Mbuzi akikatiza ghafla, kijana hubana breki ya mbele kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa upande wa kushoto hakuna mkono wa kuuzuia usukani, usukani unageuka na pikipiki inamtupa. Baadaye utamsikia akiapa kwamba breki zilikuwa mbovu. Nazifungua breki hizo mwenyewe, nazikuta nzima.

Wapo wanaodhani wamelipatia dawa tatizo hili kwa kuichomeka simu ndani ya helmeti, kati ya sikio na sponji, ili waongee mikono ikiwa huru. Kila mkazi wa Mtwara ameona mtindo huo. Jambo ambalo hatuoni tukiwa pembeni ya barabara ni kwamba ili simu iingie, mkanda wa kidevuni lazima ulegezwe au uachwe bila kufungwa kabisa. Nimewahi kuletewa pikipiki iliyopinda foko, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, pamoja na helmeti ya mwenyewe, nikaigeuza helmeti ile na kuikuta ina mkwaruzo mdogo tu upande mmoja, huku kifungio cha mkanda kikiwa bado kinang'aa kama kilivyotoka dukani. Ilimvuka kichwani kabla hajafika chini. Kijana alipona, kwa rehema za Mungu, ingawa hakupona haraka.

Hata hivyo mikono si suala lote. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba dereva anayetumia simu anakaribia mara nne ya uwezekano wa kupata ajali kuliko asiyeitumia, na kwamba vifaa vya kuongelea bila kushika simu havimpunguzii hatari kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kinachotekwa ni fikra. Shirika hilohilo linaitaja ajali ya barabarani kuwa sababu ya kwanza ya vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtu aliyeendesha miaka mingi huangalia mbali, husoma dalili za gari linalotaka kuingia barabarani au mtoto anayekaribia kuvuka. Kijana mgeni wa barabara bado anahitaji akili yake yote kwa ajili ya vitu hivyo, na hana akiba ya kumgawia mtu anayemuuliza habari za nyumbani.

Halafu kuna meseji za miamala, ambazo siku hizi nazihofia kuliko mazungumzo yenyewe. Abiria anashuka, anasema ameshatuma nauli kwa simu, na kijana mwenye haraka ya kumwahi mteja mwingine anaondoka na kuisoma meseji akiwa kwenye mwendo ili ahakikishe hakudhulumiwa. Hesabu yake ni rahisi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo katika maeneo ya makazi, pikipiki inakwenda takriban mita 14 kwa kila sekunde. Kusoma kiasi kilichoingia na jina la mtumaji kunachukua sekunde tatu hadi tano, kwa hiyo kijana amepita kati ya mita 40 na 70 bila kuangalia mbele. Kwenye lami iliyonyooka ya kutoka Mtwara kwenda Mnivata, ambako mkono wa mafuta huwa mzito, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unampitisha zaidi ya mita 100 ndani ya sekunde tano hizo, urefu ambao unazidi uwanja mwingi wa mpira tunaochezea. Abiria, tafadhali, msubirini aisome meseji mkiwa mmesimama naye.

Sasa nirudi kwa simu za nyumbani. Jioni ikiingia na kijana hajarudi, mama anapiga. Asipopokelewa anapiga tena, na safari hii wasiwasi umeshaongezeka, hivyo anampigia baba, naye baba anapiga, kisha dada aliyeko Lindi anaambiwa ajaribu na yeye. Ndani ya dakika chache simu iliyo mfukoni mwa kijana imelia mfululizo, na kila inapolia anajua ni wakubwa wake. Sisi wenyewe tumemlea hivi, kwamba simu ya mama haiachwi ikalia, na kwamba kijana asiyepokea simu ya baba yake ana kiburi na atakuja kuulizwa mbele za watu. Kijana mwenye adabu, na vijana wetu wengi wana adabu kuliko tunavyowasema, ataitoa simu hiyo mfukoni akiwa kwenye mwendo, ataamkia shikamoo, atajibu kwamba yupo njiani anakuja. Taarifa ambayo mama ameipata ni kwamba mwanawe yuko juu ya pikipiki anaendesha kwa mkono mmoja, ila kwa kuwa amesikia sauti yake anakata simu akiwa ametulia.

Ninachopendekeza ni makubaliano ya ndani ya nyumba, na yatoke kwa wazazi kwa sababu kijana hawezi kuyaanzisha bila kuonekana mkaidi. Baba au mama amwambie waziwazi: ukiwa barabarani usipokee simu yangu, hata nikipiga mara kumi, na sitakukasirikia, ukisimama, utanipigia. Kijana naye atoe taarifa kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Anayetoka Mtwara kwenda Lindi ana safari ya zaidi ya kilomita 100, na mzazi anayejua saa aliyoondoka anaweza kukisia muda wa kufika bila kumpigia akiwa Mingoyo. Akikawia kupita kiasi, wapigiwe watu wa anakokwenda. Najua kusubiri ni kugumu, na usiku wa manane ni kugumu zaidi. Mimi pia nina kijana wa miaka 17 anayetamani pikipiki. Lakini ukikaa ukatafakari utaona kwamba simu ya namna hii humtuliza anayepiga, na mzigo wote humbaki anayepokea.

Bodaboda wenyewe watanijibu kwamba simu ndiyo ofisi yao. Ni kweli, na sitaki mtu anielewe kwamba nawaambia wazime simu. Nasema wasimame pembeni ya barabara, nje ya lami, wapokee, waongee, waondoke. Inawagharimu dakika moja. Mteja anayekasirika kwa sababu simu yake haikupokelewa papo hapo naye ajiulize kama angependa yeye akiwa amepakiwa nyuma, dereva awe anaongea na mteja mwingine.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Mwaka 2021 faini ya papo kwa papo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kwa kipato cha vijana hawa naona ilikuwa haki. Faini kubwa ilikuwa inaishia kuwafanya wakimbie wanapomwona askari, na kukimbia kwenyewe ni ajali nyingine. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu kwenye usukani tangu Desemba 2003, na tangu mwaka 2017 kosa hilo lina pointi sita kwenye leseni, ambazo kwa dereva aliyepata leseni chini ya miaka miwili zinatosha kumnyang'anya. Hatua kama hiyo inahitaji nchi ambayo kila kijana anayeendesha ana leseni ya kunyang'anywa, nasi huku bado tunaomba wakachukue mafunzo VETA wapate hiyo ya kwanza.

Kinachoweza kuigwa bila kusubiri Bunge ni utaratibu wa New Zealand, ambayo mwaka 1987 ilianza kutoa leseni kwa hatua. Katika hatua ya kati kijana haruhusiwi kuendesha peke yake kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wala kubeba abiria bila kuwa na dereva mzoefu pembeni. Sababu ni kwamba usiku, na wenzake waliopanda naye, ndivyo vinavyomponza zaidi dereva mgeni. Mzazi aliyenunua pikipiki kwa korosho zake ana mamlaka ya kuweka masharti hayohayo nyumbani kwake: miezi ya mwanzo hakuna kuendesha usiku, hakuna abiria, na kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ni marufuku hata siku ya Idd, siku ambayo, nasema kwa masikitiko, karakana yangu hupata kazi kuliko siku nyingine yoyote. Na kabla ya masharti hayo kuna lile la kwanza, kwamba asiye na leseni hakabidhiwi ufunguo. Akimgonga mtu hali hana leseni, madai ya bima huwa mgogoro mrefu, na nimewaona wazee wakiuza mikorosho kulipa matibabu ya majeruhi.

Msimu unakaribia. Viongozi wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, hukutana na wakulima kabla ya minada, na mikutano hiyo huhudhuriwa na wazazi haohao watakaonunua pikipiki wiki chache baadaye. Nawaomba wamwalike askari wa usalama barabarani kwa nusu saa, na wazazi waje na vijana wao, ili suala la leseni, helmeti na simu lizungumzwe wote wakiwepo. Mkutano wowote utakaofanyika ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, niko tayari kuja na pikipiki na helmeti za kuonyeshea, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi pikipiki na mzazi,
Mikindani, Mtwara